Kasha Lililoanguka, Rupia Iliyopanda

Eldoret kuna hadithi ambayo kila mwenyeji ameisikia. Mwaka 1912, Standard Bank of South Africa iliamua kufungua tawi hapa, wakati mji wenyewe ulikuwa vibanda vichache tu karibu na mto Sosiani. Kasha la chuma la kuwekea pesa likaletwa kwa gari la kukokotwa na ng'ombe. Lilipofika, likaanguka. Lilikuwa zito kiasi kwamba hakuna aliyeweza kulinyanyua, kwa hivyo benki ikajengwa kulizunguka, pale pale lilipoangukia.

Huenda hadithi imetiwa chumvi. Tukiwa watoto tuliicheka. Siku hizi naiona tofauti kidogo: pesa ilifika kwanza, ikakaa mahali ilipotaka, halafu watu wakalazimika kujenga maisha yao kuizunguka.

Wacha niseme mapema ili tusipotezeane muda. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Watu wakiniuliza nasema karo ilikuwa shida, na huo si uongo. Kile huwa siwaambii ni kwamba karo ilikuwepo. Mwezi wa kwanza 2023 baba aliuza magunia 15 ya mahindi, akanitumia elfu sitini na saba na mia tano kwa M-Pesa. Elfu sitini nikaziweka kwenye akaunti ya foreksi. Kufikia jioni ya Ijumaa, tarehe 3 Februari, hazikuwa zimebaki hata za kulipa kodi ya bedsita.

Nilikaa na hiyo siri miezi mitano. Siku nilipomwambia baba, hakupiga kelele. Alinyamaza, akaangalia nje kama mtu anayesikiliza mvua, halafu akauliza swali moja tu.

“Hiyo pesa ilienda kwa nani?”

Mazee, sikuwa na jibu. Nilijua kusoma chati, nilijua majina ya mishumaa yote ya kijani na nyekundu, lakini swali la mkulima wa mahindi lilinishinda. Nimekuwa nikilitafutia jibu tangu siku hiyo, na limenirudisha nyuma zaidi ya miaka mia moja, hadi wakati Eldoret haikuwa hata na jina.

*

Tuanze na maneno yenyewe. “Pesa” ni paisa ya India. “Hela” ni Heller, sarafu ya Wajerumani walipokuwa wakitawala Tanganyika. Sisi nyumbani pesa tunaiita rabisiek, na kila Kogo akilitamka neno hilo mimi naisikia rupia humo ndani. Babu zetu walipewa pesa za watu wengine, wakazipa majina, wakaendelea na maisha. Bei ya hizo pesa iliamuliwa mbali.

Kenya ilipokuwa bado inaitwa British East Africa, pesa halali ilikuwa rupia ya India. Haikuwa ajabu. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamefungamana na Bombay kwa miaka mingi, na reli kutoka Mombasa ilijengwa na maelfu ya vibarua waliotoka India. Serikali ikaweka kiwango: rupia 15 kwa pauni moja ya Uingereza. Kiwango hicho kilikaa muda mrefu hadi watu wakasahau kwamba ni bei, wakadhani ni kitu cha asili kama urefu wa mlima.

Huku kwetu Uasin Gishu, ardhi ilikuwa imeshachukuliwa. Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905, na vita vya Wanandi dhidi ya Waingereza vikaishia kwa kushindwa na kuhamishwa. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulifika kwenye uwanda huu na magari yao ya ng'ombe. Mwaka 1910 posta ikafunguliwa kwenye Shamba Nambari 64. Wazungu wakaita mahali hapo Sixty-Four, na wazee wetu wakaita Sisibo, jina ambalo bado utalisikia ukikaa na watu wa umri fulani. Jina la Eldoret lilikuja 1912, mwaka ule ule wa kasha.

Sasa sikiliza. Walowezi hawa walikopa. Shamba jipya linataka ng'ombe, jembe, mbegu na waya, na benki ilikuwepo, imekaa juu ya kasha lake. Walikopa kwa rupia. Mazao yao yaliuzwa Ulaya kwa pauni. Hakuna aliyejiona kama mchezaji wa fedha za kigeni, walikuwa wakulima tu. Lakini mtu mwenye deni la pesa moja na mapato ya pesa nyingine yuko sokoni, atake asitake.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, bei ya madini ya fedha ikapanda, na rupia ilitengenezwa kwa madini hayo. Kwa miaka mingi rupia moja ilikuwa na thamani ya shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Kufikia mwanzo wa 1920 ilikuwa imepita shilingi mbili. Serikali ya London ikaingilia kati, na Februari 1920 ikaamua kwamba Afrika Mashariki rupia itakuwa shilingi mbili kamili. Yaani kutoka rupia 15 kwa pauni hadi rupia 10 kwa pauni.

Piga hesabu na mimi. Mtu alikopa rupia 15,000 wakati zilikuwa sawa na pauni 1,000. Hajakopa tena hata senti. Anaamka asubuhi, deni lake ni pauni 1,500. Mahindi au kitani atakachouza London bado kitalipwa kwa pauni, na kila pauni sasa inamletea rupia chache kuliko zamani. Halafu, kana kwamba hiyo haikutosha, bei za mazao duniani zikaanguka baada ya 1920, na kitani, ambacho walowezi wengi wa nyanda za juu walikuwa wamekikimbilia kwa sababu bei yake ilikuwa moto, kikageuka hasara.

Rupia ikaondolewa. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwisho wa 1919, ikaleta florini mwaka 1920, halafu shilingi mwaka 1921. Rupia, florini, shilingi, ndani ya miaka miwili. Fikiria bibi kizee wa kijijini akijaribu kujua kilichomo mkobani mwake.

Na hasara? Hapa ndipo nilipopata kipande cha kwanza cha jibu la baba. Walowezi walisema hawawezi kuibeba peke yao. Mwaka 1921 wakakubaliana kupunguza mishahara ya vibarua Waafrika kwa theluthi moja. Kodi ya kichwa na ya nyumba nayo ilikuwa imepandishwa. Yule kibarua hakuwahi kukopa rupia benki. Hakujua bei ya fedha London. Lakini mzigo ulimfikia, kwa sababu alikuwa wa mwisho kwenye foleni na hakuwa na wa kumsukumia.

Nairobi, kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya simu, Harry Thuku, akaanza kupinga mishahara hiyo, kodi na kipande. Akakamatwa Machi 1922. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai, Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwa waliopaza sauti, na tarehe 16 Machi askari wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu watu 21 waliokufa. Vitabu vya shule vinatuambia kuhusu kipande na kodi, na ni sawa. Ni mara chache vinatuambia kwamba nyuma ya ile theluthi kulikuwa na chati ya rupia.

*

Baada ya hapo pesa yetu ikatulia kwa muda mrefu. Shilingi ya Afrika Mashariki ilifungwa kwenye pauni, 20 kwa moja. Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa 1966, na Septemba mwaka huo shilingi ya Kenya ikatoka, dola moja ikiwa shilingi 7 na senti 14. Dunia nzima ilikuwa hivyo. Tangu mkutano wa Bretton Woods mwaka 1944, pesa za nchi nyingi zilikuwa zimefungwa kwenye dola, na dola kwenye dhahabu. Kijana wa 1965 hangeweza kukaa kitandani akicheza na bei ya sarafu, kwa sababu bei haikuwa inasonga. Rais Nixon alipokata kamba ya dhahabu Agosti 1971, na sarafu kubwa zikaachwa kuelea miaka miwili baadaye, ndipo soko tunaloliita foreksi lilizaliwa kweli.

Sisi tulichelewa. Kenya ilikuwa na sheria ya kudhibiti fedha za kigeni, na kukaa na dola bila kibali lilikuwa kosa. Na hapo Eldoret ina kisa chake. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein, mtoto wa upande wa Kapsabet, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston Marathon. Akarudia 1991 na 1992. Nyuma yake wakaja wengi, na zawadi zilikuwa dola. Bila mtu kupanga, mji wa mahindi na maziwa ukapata kizazi cha vijana ambao mapato yao yalitegemea bei ya dola.

Halafu ukaja mwaka 1993. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa umepita Desemba 1992, pesa nyingi zilikuwa zimechapishwa, wafadhili walikuwa wamefunga mkono, na sakata ya Goldenberg ilikuwa inakamua hazina kwa dhahabu ambayo haikuwepo. Mwisho wa 1992 dola ilikuwa kama shilingi 36. Mwisho wa 1993 ilikuwa kama shilingi 68. Mfumuko wa bei ukafika asilimia 46. Baba alikuwa shule ya upili wakati huo. Anakumbuka sukari ikipimwa kwa vijiko na babu akisema mbolea ya mwaka huo ni samadi tu.

Oktoba 1993 serikali ikaachilia shilingi ielee. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi husahau: shilingi ilirudi. Mwisho wa 1994 dola ilikuwa kama shilingi 45. Mtu aliyekuwa na dola elfu kumi mwisho wa 1993 alikuwa na kama shilingi 680,000. Akingoja zipande zaidi, mwaka mmoja baadaye alikuwa na kama 450,000. Na yule aliyekimbilia dola kwa woga pale juu kabisa, kwa pesa za kukopa, huyo aliumia kama mlowezi wa 1920.

Januari 1995 ofisi za kubadilisha fedha zikaruhusiwa kufunguliwa, na mwisho wa mwaka huo ile sheria ya udhibiti ikafutwa. Milango ikawa wazi. Wanariadha wakanunua mashamba na kujenga maghorofa mjini. Ukitembea Eldoret leo na mtu anayejua, atakuonyesha: hii ni marathoni fulani, ile ni mbio fulani. Wengi waliogeuza dola zao kuwa mawe na ardhi hawakuwa na haja tena ya kukesha na bei.

*

Sasa turudi kwa yule kijana wa bedsita.

Foreksi ni kununua pesa moja kwa kuuza nyingine, basi. Ukinunua euro kwa dola, unasema euro itapanda. Bei inasonga kwa hatua ndogo zinazoitwa pipu, na kwa euro na dola pipu moja ni sehemu moja ya elfu kumi. Loti moja ni euro 100,000. Hatua moja kwenye loti nzima ni dola 10, kwenye nusu loti ni dola 5, na kwenye loti ndogo ya 0.01 ni senti 10 za dola.

Elfu sitini zangu zilikuwa kama dola 480. Nilinunua nusu loti, yaani euro 50,000. Utauliza, mtu wa dola 480 anashikaje euro 50,000? Kwa levareji, ule mkopo wa broka. Yangu ilikuwa mara 400, kwa hivyo broka alizuia kama dola 136 tu za dhamana na kuniachia mzigo wote. Nilijiona mjanja. Wiki hiyo euro ilikuwa imepita 1.10, nikaikuta imeshuka karibu na 1.09, nikasema hii ni bei ya kutupa. Nikanunua kwa 1.0915. Nilikuwa nimeweka kikomo cha hasara, ile amri ya kufunga biashara yenyewe bei ikifika mahali fulani. Asubuhi hiyo nikakiondoa, kwa sababu siku mbili nyuma kilinifungia biashara ambayo baadaye ilienda nilikotaka. Nilikikasirikia kikomo kama mtu anayekasirikia mkanda wa gari kwa sababu umemkaba.

Saa kumi na nusu jioni Marekani ikatoa takwimu za ajira. Wachumi walitarajia kazi mpya zisizofika 200,000. Zikatoka 517,000. Dola ikaruka, euro ikaanguka. Kila pipu ilikuwa dola 5 zangu. Pipu 82 zilitosha. Akaunti ilipobaki na dola 68, broka akafunga biashara mwenyewe kulinda dhamana yake. Usiku soko lilipofungwa, euro ilikuwa karibu na 1.08. Zile 68 nilizimaliza Jumatatu nikijaribu kurudisha.

Hesabu ambayo ningepaswa kuifanya ni ya darasa la sita. Kanuni ya watu waliodumu kwenye hii kazi ni kuhatarisha asilimia moja ya akaunti kwa biashara moja. Asilimia moja ya 480 ni dola 4 na senti 80. Kama kikomo changu kiko pipu 48 mbali, basi loti inayonitosha ni 0.01. Mimi nilishika 0.5. Nilikuwa nimezidisha mara 50, na kikomo nimekitoa.

Kwa nini asilimia moja? Kwa sababu hata mtu hodari hukosea mara kumi mfululizo, siku zikimkataa. Ukipoteza asilimia moja mara kumi, unabaki na zaidi ya tisini kwa mia ya pesa zako. Ukipoteza asilimia kumi mara kumi, unabaki na thelathini na tano. Na kurudi ni kugumu kuliko kushuka: ukipoteza nusu ya akaunti, unahitaji faida ya asilimia mia moja ili tu ufike ulipoanzia. Hii ndiyo sababu wanaoanza huambiwa wakae miezi na akaunti ya demo, halafu pesa kidogo sana, huku wakiandika kila biashara daftarini: niliingia kwa nini, nilitoka kwa nini, nilikuwa na hasira au sikuwa. Nilijua haya yote. Niliyasoma. Kujua na kufanya ni mitaa miwili tofauti.

Na hata kikomo si dawa ya kila kitu. Benki Kuu ya Uswizi ilikuwa imeahidi kwamba euro moja haitashuka chini ya faranga 1.20. Ilishikilia ahadi hiyo zaidi ya miaka mitatu, watu wakasahau kwamba ni ahadi, wakadhani ni asili, kama zile rupia 15. Tarehe 15 Januari 2015 wakaiondoa bila onyo. Bei ikaruka mbali kiasi kwamba vikomo vya watu vilipitwa bila kupata mnunuzi njiani. Wapo walioamka na deni kwa broka. Alpari UK, broka ambaye jina lake lilikuwa kifuani kwa wachezaji wa West Ham, akafilisika. Kinachokulinda siku kama hiyo ni udogo wa biashara yako.

*

Kwa hivyo pesa ya baba ilienda kwa nani? Kidogo kilienda kwa broka, kupitia tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, ambayo unalipa ushinde ushindwe. Iliyobaki ilienda kwa aliyekuwa upande wa pili. Wakati mwingine upande wa pili ni benki kubwa, na wakati mwingine ni broka mwenyewe, maana wapo wanaoshika upande wa pili wa biashara za wateja wao, na mteja akipoteza wao wanapata. Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko wa Ulaya walisema kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wadogo hupoteza pesa, wakapunguza levareji ya sarafu kubwa hadi mara 30. Kenya ilitunga kanuni zake mwaka 2017, na broka wa mtandaoni lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Orodha ya wenye leseni iko wazi. Kuangalia jina la broka pale ni kazi ya dakika mbili. Na yule jamaa wa Telegram anayetaka umpe pesa “akutradie” kwa faida ya kila wiki, huyo hata usimwangalie mara mbili. Mtu mwenye mashine ya pesa hatafuti elfu tano zako.

Nilimweleza baba haya yote jikoni kwa mama, nikichora kwenye nyuma ya risiti ya agroveti. Aliuliza maswali mazuri kuliko yale mimi niliyoyauliza kabla ya kuweka pesa. Halafu akanionyesha ile risiti.

“Na hii je?”

Ilikuwa risiti ya mbolea. Mwaka 2022 gunia la mbolea ya kupandia lilipita elfu sita, kabla serikali haijaleta ya ruzuku. Mbolea inanunuliwa nje kwa dola. Shilingi ikishuka, mbolea inapanda. Baba amekuwa kwenye soko la fedha za kigeni maisha yake yote, kama wale walowezi, ila yeye hana levareji.

Ana kitu kingine. Kila mwaka akivuna, kwanza anatenga magunia ya chakula, na hayo hayaguswi hata bei ikiwa nzuri namna gani. Yanayobaki anayagawa mara tatu. Theluthi anauza mapema kulipa madeni ya msimu. Theluthi anaweka hadi mwezi wa tatu. Theluthi ya mwisho anangoja hadi mwezi wa sita, ghala za watu zikiwa tupu. Jirani akimcheka kwamba angeuza yote bei ikiwa juu, yeye husema kama angejua bei ya mwezi wa sita asingekuwa mkulima. Hilo ndilo somo nililokuwa nikilinunua kwa video za dola 50.

Yale magunia 15 yalikuwa theluthi ya kwanza. Alikuwa ameyatoa ili mimi nisome.

Mwanzoni mwa 2024 dola ilipita shilingi 160. Kila mtu mjini alikuwa mchumi. Makanga, kinyozi, mchungaji, wote walisema itafika 200. Mwenzangu mmoja alitaka tukope tununue dola. Nilikuwa nimeshasoma kuhusu 1993, na pia 2011, dola ilipofika 107 mwezi wa Oktoba halafu ikamaliza mwaka kwenye 85. Nikamwambia tungoje. Februari serikali ikapata mkopo mpya wa kulipa ule wa nje uliokuwa unaiva, Benki Kuu ikapandisha riba hadi asilimia 13, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu na 130.

Nisijisifu. Mwaka 2015 shilingi ilishuka kutoka kama 90 hadi 102 na haikurudi. Tangu ile 7 na senti 14, ukiangalia kwa jicho la miaka sitini, mwelekeo ni mmoja tu. Historia haikuambii kesho bei itaenda wapi. Inakuambia kwamba kiwango chochote unachokiona ni cha kudumu, kuna mtu aliwahi kukiona hivyo pia, akakopa.

Siku hizi nina akaunti ya dola 50, pesa zangu za kuandika. Nashika 0.01, kikomo kipo, nikipoteza biashara mbili kwa siku nafunga simu. Faida yake haiwezi kulipa hata umeme. Daftari limejaa. Bila hilo daftari nisingeandika hapa.

Zile elfu sitini namrudishia baba kidogo kidogo, elfu mbili kila mwezi, kwa M-Pesa. Hajawahi kuziomba. Mwezi uliopita nilituma, akapiga simu kama kawaida, tukaongea kuhusu mvua na ng'ombe aliyezaa. Kabla ya kukata akauliza:

“Na ile euro yako, iko ngapi leo?”

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, halafu akasema sawa, lakini nisiuze yote.